Siku Kumi na Tisa za Bi Kufuli

Jina la Bi Kufuli alipewa na watu wa maabara, na mwenyewe alilipenda. Kila alipoulizwa kazi yake hasa ni nini, mwanamke anayeshinda kutwa mbele ya kompyuta katika jengo la kutafuta dawa bila kushika hata chupa moja, alijibu vilevile. Ndani ya kila kimelea kuna mashine ndogondogo, ndogo kuliko kitu chochote ulichowahi kukiona, na kila mashine ina tundu kama la kufuli. Ukipata kitu cha kuliziba tundu hilo barabara, mashine inakwama na kimelea kinakufa. "Mimi najaribu funguo," alikuwa akisema. "Laki mbili kwa mkupuo, na sichafui mikono." Watu wakacheka, jina likamganda.

Hakuanzia hapo. Alipoajiriwa akiwa na miaka ishirini na miwili alikuwa karani wa stoo, kazi yake kuandika chupa za kemikali zinazoingia na zinazotoka. Mwaka mmoja akaja mtaalamu mgeni kufundisha programu za kutafutia dawa kwa kompyuta. Bi Kufuli akaomba ruhusa ya kukaa kiti cha nyuma, akapewa kwa sababu hakuna aliyeona ubaya wake. Mgeni alifundisha wiki mbili akaondoka. Wenye digrii zao wakasahau, karani wa stoo akakumbuka. Akaanza kujaribu peke yake saa za mapumziko, akakosea, akarudia, akaenda shule tena huku ana mtoto mgongoni, akapata stashahada, kisha shahada. Alipotimiza miaka arobaini na mitatu, chumba cha kompyuta cha ghorofa ya pili kilikuwa chini yake: mashine nne zinazovuma, kiyoyozi kinachovuja, ndoo ya kukinga matone, na kiti kimoja chenye gurudumu lililokatika ambacho wageni wote walipewa.

Lakini mtu hupanda ngazi na mwiba wake mguuni. Siku moja, tayari akiwa na chumba chake na heshima yake, alisikia msomi mmoja koridoni akimwuliza mwenzake, "Huyu si yule wa stoo?" Lilikuwa swali tu, wala halikuulizwa kwa kejeli. Hata hivyo lilimwingia na halikutoka. Tangu siku hiyo kila kosa dogo alilofanya alilisahihisha kimyakimya kabla halijaonekana, kama mtu anayefuta nyayo zake.

Chini, katika maabara ya kemia, alikuwepo Mpishi. Huyu alikuwa mkemia wa miaka hamsini na minane, mrefu, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Waliita kazi yake upishi kwa kuwa yeye ndiye aliyetengeneza zile molekuli, chembe za kemikali zilizo funguo zenyewe, ambazo Bi Kufuli alizichagua kwenye kioo cha kompyuta. Wengine walimwita hivyo kwa utani, kwani mkewe alikuwa akiapa mbele ya watu kwamba bwana huyo nyumbani hajui hata chumvi inakaa kabati gani. Kutengeneza molekuli moja kungeweza kumchukua wiki sita. Alikuwa mtu wa subira, wa kupiga mluzi mdogo, na alimwita Bi Kufuli "mwanangu" tangu enzi za stoo, alipokuwa akimwandikia chupa zake.

Basi ikaja kazi ya kimelea cha homa, ambacho dawa yake ya zamani ilikuwa imeanza kushindwa. Wanasayansi wa mbali walikuwa wameshapiga picha ya mashine moja muhimu ya kimelea hicho, na faili la picha hiyo lilikuwa wazi kwa yeyote anayelitaka. Bi Kufuli akalishusha. Mafaili ya namna hii huja na takataka zake: matone ya maji, chumvi, mabaki ya kemikali zilizotumika wakati wa kupiga picha. Programu ilikuwa na kitufe cha kusafisha, cha kuondoa kila kisicho protini, kitu ambacho mashine hizi zimeundwa nacho. Akakibonyeza, kama alivyokibonyeza mara nyingi kabla ya hapo, akaona tundu limebaki safi na pana, akafurahi. Kompyuta nne zikakesha na kushinda wiki tatu zikijaribu molekuli laki mbili, moja moja, zikizigeuza huku na huku ndani ya tundu na kuzipa alama. Mwishoni akachagua tisa zilizokaa vizuri kuliko zote. Zilikaa vizuri ajabu. Mkuu wa kitengo aliziangalia kwenye kioo akasema hajawahi kuona alama za namna hiyo, na katika mkutano wa mwaka akamsimamisha Bi Kufuli watu wampigie makofi. Mumewe, fundi cherehani wa sare za shule, alikata gazeti la taasisi lenye picha yake akalibandika ukutani juu ya cherehani.

Mpishi akaanza kupika. Namba moja ikatoka, ikajaribiwa kwenye mashine ya kimelea, haikufanya kitu. Namba mbili vilevile. Ya tatu, ya nne, ya tano, kimya.

"Usijali, Mzee," Bi Kufuli alimwambia kila mara. "Bado zipo. Namba sita ndiyo ninayoitegemea."

"Mimi sina wasiwasi, mwanangu. Wewe ukiniambia inaingia, mimi napika."

Namba sita haikufanya kitu. Wala saba, wala nane. Miezi kumi ilikuwa imepita.

Asubuhi moja ya Alhamisi Bi Kufuli alikuwa akitayarisha somo kwa waajiriwa wapya. Alitaka kuwaonyesha picha ya protini kabla ya kusafishwa na baada ya kusafishwa, basi akafungua faili la awali, lile ghafi, ambalo hakuwa amelitazama tangu siku alipolishusha. Akalizungusha kwenye kioo. Katikati ya tundu, chini kabisa, palikuwa na kipira cha kijivu kilichoshikwa na mikono mitatu ya protini, kama jiwe la pete.

Alikitazama muda mrefu. Kisha akakibofya, na kioo kikaandika: zinki.

Haikuwa takataka. Hiyo chembe ya madini ilikuwa sehemu ya mashine yenyewe. Bila hiyo mashine haifanyi kazi. Kitufe cha kusafisha kiliiona si protini kikaitupa pamoja na maji na chumvi, na yeye hakuangalia kilichotupwa. Akafungua molekuli zake tisa, moja baada ya nyingine. Zote zilikuwa zimekaa vizuri kwa sababu zote zilichomeka mkia wao pale pale ambapo, katika kimelea cha kweli, palikuwa tayari pameshakaliwa. Zilikuwa zinaingia kwenye nafasi isiyokuwepo.

Damu ilimpanda usoni ingawa chumbani hakukuwa na mtu. Akainuka akafunga mlango. Akakaa. Akasema kwa sauti, "Nitamwambia baada ya chakula cha mchana."

Saa saba alishuka ngazi akiwa na nia hiyo. Mpishi alikuwa anapanda, koti lake jeupe lina doa jipya la njano.

"Mwanangu, namba tisa imeanza kukaa sawa," alisema. "Ilinisumbua, lakini sasa naiona. Wiki tatu, nne, tutakuwa nayo."

Hapo ndipo mahali pa kusema. Maneno yalikuwa mdomoni. Bi Kufuli akasikia kinywa chake kikisema, "Hongera, Mzee," na miguu yake ikaendelea kushuka.

Siku ya pili aliendesha upya hesabu ya zile tisa, zinki ikiwa mahali pake, akiomba kimoyomoyo kwamba labda hata hivyo moja itaokoka. Matokeo yakaja. Iliyofanya vizuri kuliko wenzake, kwa alama zake mpya, ingekuwa ya laki moja na elfu kumi na kitu katika ile orodha ya laki mbili. Alizima kioo kwa haraka, kama mtu aliyefumaniwa.

Kuanzia hapo akaanza kujipa sababu, na sababu hazikosi kwa anayezitafuta. Katika kazi hii, alijiambia, karibu kila kitu hushindwa. Molekuli elfu hujaribiwa na zote huanguka, na hakuna anayeuliza kwa nini. Namba tisa nayo itaanguka, watu watasikitika siku mbili, Mkuu ataagiza uchaguzi mpya, na yeye ataufanya vizuri safari hii. Nani ataumia? Mpishi angepika kitu kingine tu kama asingepika hiki. Alijua kwamba huo ni uongo uliovaa nguo safi, lakini kila alipofikiria kuingia ofisini kwa Mkuu alisikia lile swali la koridoni: huyu si yule wa stoo?

Nyumbani akawa mtu wa majibu mafupi. Mumewe alijaribu utani. "Siku hizi unabana maneno kama yanauzwa," alisema akiwa ameshika pini mdomoni. Binti yao, aliyekuwa darasa la mwisho sekondari, alimwomba amweleze tena habari ya tundu na ufunguo kwa ajili ya insha ya shule. Bi Kufuli akasema kichwa kinauma.

Kila siku aliazimia. Kila siku akaahirisha. Alianza kutumia ngazi za nyuma, zinazopitia kwa walinzi, ili asikutane na koti jeupe.

Siku ya kumi na tisa, saa nne asubuhi, kengele ya moto ililia. Watu wakatoka na makaratasi yao, wakasimama uani wakilalamika kwamba ni mazoezi tena. Kisha mlango wa maabara ya kemia ukafunguka, moshi mwembamba ukatoka, na nyuma yake akatoka Mpishi ameshikwa bega na wasaidizi wawili. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umefungwa kitambaa chenye maji kuanzia vidole hadi karibu na kiwiko.

Ilivyotokea ilikuja kujulikana baadaye. Alikuwa akichemsha hatua ya mwisho ndani ya kabati la kioo la kuvuta mvuke. Chupa iliyokuwa na kimiminika kinachoshika moto upesi kama petroli ilikuwa na ufa usioonekana. Ikapasuka, moto ukaruka. Kila mkemia anafundishwa la kufanya hapo: shusha kioo, rudi nyuma, acha viungue. Mpishi mwenyewe alikuwa amewafundisha wengi. Lakini pembeni ya moto ilikuwepo chupa nyingine, ndogo, yenye namba tisa, wiki sita za kazi yake. Akapeleka mkono akaitoa.

Alipopita mbele ya Bi Kufuli pale uani alisimama kidogo. Uso wake ulikuwa umepauka, miwani imekaa upande.

"Usiogope, mwanangu," alisema. "Namba tisa ipo. Nimeiwahi."

Bi Kufuli alitamani ardhi ipasuke immeze. Haikupasuka. Gari likaja, likamchukua Mpishi, na yeye akabaki amesimama katikati ya watu waliokuwa wakisifia ujasiri wa mzee yule.

Kesho yake aliingia kwa Mkuu wa kitengo kabla hata ya kuweka mkoba chini. Mkuu alikuwa mwanamke wa makamo asiyependa maneno mengi, meza yake tupu isipokuwa kikombe na kalamu. Bi Kufuli alimweleza yote kuhusu kitufe cha kusafisha, zinki, mikia ya molekuli na miezi kumi na moja iliyopotea. Alieleza vizuri, kwa mpangilio, na hakujitetea.

"Umegundua lini?" Mkuu aliuliza.

Na hapa, akiwa amekuja kusema kweli, akiwa ameshasema sehemu kubwa ya kweli, alisema, "Jana. Baada ya ajali. Niliona nirudie kuangalia."

Mkuu akazungusha kalamu. "Unajua, ungenyamaza nisingejua kamwe," alisema mwishowe. "Hata wakaguzi wasingejua. Wengi wangenyamaza. Kosa ni kosa, na tutalifanyia kazi, lakini nakushukuru kwa kuja mwenyewe."

Kama angemtukana ingekuwa nafuu. Ijumaa yake, katika kikao cha watumishi wote, Mkuu alieleza kosa lile bila kuficha, kisha akasema anataka kila mmoja aige mfano wa Bi Kufuli, ambaye aliligundua akaja kulisema siku iliyofuata. Watu wakageuka kumtazama kwa heshima. Mmoja akampigapiga bega. Alishika kiti cha mbele yake kwa mikono miwili na kutazama visigino vya mtu aliyekaa hapo, mpaka kikao kikaisha. Amesifiwa kwa kosa la kwanza, sasa amesifiwa kwa la pili.

Jumapili alikwenda kumwona Mpishi nyumbani, ambako alikuwa ameruhusiwa kurudi. Ilikuwa nyumba ya vyumba vitatu yenye pazia la kijani mlangoni. Mkewe, mama mnene mwenye sauti ya kukwaruza, alimpokea mkoba, akamvutia kiti, akamletea chai.

"Karibu, mwanangu. Wewe ndiye wa pili tu kutoka kazini. Wengine wanapiga simu."

Mpishi alikuwa kwenye kochi, mkono umelazwa juu ya mto, umefungwa bandeji nyeupe mpaka ukawa kama mkono wa kuazima. Mkuu alikuwa ameshampigia na kumweleza.

"Kumbe mwaka mzima nilikuwa napika mawe," alisema, akacheka. "Mke wangu anasema hata nyumbani ni hivyohivyo."

"Nisamehe, Mzee."

"Nikusamehe nini? Mimi mwenyewe nimeshawahi kuchanganya chupa mbili nikapoteza miezi mitano. Hukuniambia nitie mkono motoni. Hilo ni ujinga wangu." Akautazama mkono. "Ila nasema, bahati mbaya tu. Laiti ungeliona siku mbili kabla. Siku mbili tu, ningekuwa nimeshazima jiko nimekaa."

Mkewe alitikisa kichwa. "Mambo ya Mungu hayo."

Bi Kufuli aliinua kikombe akanywa chai iliyomuunguza ulimi. Alikaa nusu saa zaidi wakizungumza habari za mvua na za daktari. Daktari alisema vidole viwili, cha mwisho na kinachofuata, huenda visikunje tena. Mama akamsindikiza hadi barabarani, akamshika mkono, akamwambia Mungu ambariki kwa moyo wake mwema.

Jioni ile, jua likiwa bado linaingia dirishani, alikaa kwenye kigoda karibu na cherehani akamwambia mumewe kila kitu. Siku kumi na tisa, ngazi, hongera, uongo kwa Mkuu, makofi, chai. Alilia akisema. Mume akaacha kukanyaga cherehani. Mkewe alipomaliza, aliviringisha uzi kidoleni.

"Sasa mimi unaniambia ili nifanye nini?" aliuliza.

"Sijui. Nilitaka kumwambia mtu."

"Mimi mkono wangu mzima," alisema mume. Hakusema kwa ukali. Aliinuka akampa kitambaa cha kufutia uso, kimoja cha mabaki ya sare, akarudi kwenye kazi yake.

Maneno yale hayakumwacha alale vizuri. Jumatatu aliomba ruhusa akarudi kwenye pazia la kijani. Mama alifurahi kumwona tena upesi hivyo, akaanza kugeukia jikoni.

"Mama, tafadhali, usiweke chai," alisema Bi Kufuli. "Kaa na wewe usikie."

Mama akakaa kwenye mkono wa kochi. Bi Kufuli alibaki amesimama. Aliona hastahili kiti.

"Mzee, sikugundua baada ya ajali. Niligundua siku kumi na tisa kabla. Tarehe ipo kwenye kompyuta, nimeiangalia tena leo asubuhi. Nilijua, nikanyamaza."

Mpishi aliukunja uso. Alivua miwani kwa mkono mmoja, akaiweka pajani.

"Siku ile tulipokutana kwenye ngazi," alisema, "nilipokwambia namba tisa imeanza kukaa sawa. Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa nimejua asubuhi ile."

"Ukaniambia hongera."

"Ndiyo."

"Na mimi nikaenda kumwambia mke wangu kwamba umefurahi."

Saa ya ukutani ilikuwa inakwenda. Bi Kufuli alitaka mzee amtukane, amrushie mto, afanye chochote ambacho kingemwezesha yeye kulia. Mpishi alirudisha miwani usoni, ikakaa upande, mkewe akainama akamnyooshea.

"Kwa nini?" aliuliza mzee.

"Niliogopa watasema nimerudi kuwa karani."

"Karani," alirudia Mpishi polepole. "Ulipokuwa karani, ukikosea chupa ulikuwa unakuja mbio kuniambia kabla sijaifungua. Nakumbuka." Kisha akageuza uso ukutani. "Nenda. Leo nenda tu."

Aliondoka. Mama hakumsindikiza. Alipofika barabarani aligeuka, akaona pazia limeshashushwa na mlango umefungwa, mchana kweupe.

Siku hiyohiyo aliandika barua kwa Mkuu, ya ukurasa mmoja, yenye tarehe zote mbili. Akaomba jambo moja: kwamba kwa kuwa alisifiwa mbele ya watu, aruhusiwe kusahihisha mbele ya watu. Mkuu aliisoma mara mbili. Safari hii hakumshukuru. Alisema kutakuwa na onyo kwenye faili lake, na kwamba kwa mwaka mmoja hakuna orodha itakayotoka chumba chake bila mtu mwingine kuipitia. "Na kikao ni Ijumaa," alimalizia. "Dakika tano."

Hazikufika hata mbili. Alisimama, akasema, "Wiki iliyopita mliambiwa nilisema kosa langu siku iliyofuata. Si kweli. Nilikaa nalo siku kumi na tisa, na siku ya mwisho ndipo Mzee alipoungua." Alikuwa ameandaa maneno mengine, hayakuja. Akakaa. Hakuna aliyempiga bega. Kulikuwa na kukohoa, kiti kikasogezwa, kisha Mkuu akaendelea na habari ya likizo. Kwa wiki nyingi baadaye, alipoingia chumba cha chai, mazungumzo yalipungua sauti kama redio iliyogeuzwa kitufe. Alijifunza kunywa chai yake mbele ya kompyuta.

Alirudi kwenye faili ghafi. Safari hii hakubonyeza kitufe chochote kabla ya kuuliza, kwa kila tone na kila chembe, hii ni nini na kwa nini ipo hapa. Ilimchukua siku sita kwa kazi ambayo zamani ilimchukua dakika. Aliyepewa kumkagua, kijana wa kike aliyeajiriwa mwaka huohuo, mwanzoni aliona haya kumuuliza maswali mtu wa umri wa mama yake. "Uliza," Bi Kufuli alimwambia. "Hata la kipuuzi. Hasa la kipuuzi."

Orodha mpya ilikuwa na molekuli saba, na alama zao zilikuwa za kawaida tu, hazikumshangaza mtu.

Mpishi alirudi kazini baada ya miezi mitatu na nusu. Vidole viwili vya mkono wa kushoto vilikuwa vimenyooka, na ngozi ya mkono inang'aa kama karatasi ya nailoni. Alibakiwa na mwaka mmoja na ushei kabla ya kustaafu, na wengi walidhani ataomba kazi ya mezani. Yeye alikwenda kwa Mkuu na sharti moja: hatawasha jiko kwa molekuli yoyote mpaka Bi Kufuli ashuke mwenyewe maabara amwonyeshe kwenye kioo, mbele yake, inakaa wapi na kwa nini.

Ndivyo ilivyokuwa. Kila Jumanne saa tatu alishuka na kompyuta ndogo kifuani, kwa ngazi za mbele. Mpishi alivuta kiti, akauliza. Na huu mkia unagusa nini? Na hapa pana maji? Una uhakika, au unadhani? Bi Kufuli alijifunza kujibu "nadhani" bila kufa. Mzee hakumkaripia hata siku moja, wala hakupiga mluzi. Wala hakumwita mwanangu. Alimwita "Bi," basi, kama unavyomwita mhudumu wa benki. Kila alipolisikia neno hilo lilimchoma, na kila Jumanne alilifuata tena.

Kati ya zile saba, tano hazikufanya kitu. Mbili zilikwamisha mashine ya kimelea kidogo, kwa udhaifu, kama mtu anayesukuma mlango kwa bega moja. Moja ilipelekwa maabara nyingine ikaboreshwe. Si dawa. Huenda isije kuwa dawa, na ikiwa, itakuwa baada ya miaka mingi na mikono mingi. Mkuu alituma taarifa ya mistari minne, na chini yake yaliandikwa majina yote mawili, la mkemia kwanza. Mume wa Bi Kufuli aliuliza kama aikate abandike ukutani. Akamwambia hapana.

Jumanne moja karibu na mwisho wa mwaka wa mwisho wa Mpishi kazini, wasaidizi walikuwa wametoka na maabara ilikuwa na watu wawili tu. Mpishi alikuwa na chupa yenye kifuniko kilichokaza. Kwa kawaida aliita msaidizi, au aliibana kwenye mbavu akaizungusha kwa mkono wa kulia, na Bi Kufuli alikuwa ameshajua asisogee. Aliibana, ikateleza. Akaibana tena. Kisha, bila kumtazama, akamnyooshea Bi Kufuli chupa hiyo.

"Nifungulie," alisema.

Bi Kufuli alivaa glavu, akaipokea, akaifungua, akamrudishia. Mpishi akapima unga wake kwenye mizani, taratibu, akaandika namba daftarini.

"Haya," alisema. "Ile molekuli ya nne. Nionyeshe tena, jana usiku nilipoifikiria niliona sikuielewa."

Akavuta kiti karibu na kioo, na Bi Kufuli akaanza kumweleza.